Nafasi ya Kwanza kwa Bi Mehrunnisa

Idara ya Kiingereza, Chuo Kikuu
Bhopal, 6 Oktoba 1998

Mheshimiwa Bi Mehrunnisa,

Pokea salamu na adabu zangu. Jina langu ni Nuzhat Aara. Hunijui. Nina miaka kumi na saba na niko mwaka wa kwanza hapa chuoni. Barua hii nilianza kuiandika kwa Kiingereza, lakini nilipoisoma niliona inafanana na zile barua za benki zinazomtisha baba, nikaiacha. Kiingereza nilifundishwa na masista shuleni. Kiurdu nilifundishwa na Nani, bibi yangu mzaa mama, jikoni kwake. Kwa hiyo unisamehe pale Kiurdu changu kitakaponukia vitunguu.

Idara yetu ina kitu tunachokiita Jioni za Wageni. Kila mwezi tunamwalika mwandishi mmoja aje atusomee kazi zake. Mpaka sasa wamekuja watatu, wote waandishi wa Kiingereza, wote kutoka Delhi, na yule wa mwisho alisoma huku akiangalia saa. Kazi ya kuwaandikia wageni nilipewa mimi. Mkuu wa idara, Dokta Asthana, aliniambia mbele ya darasa zima, "Nuzhat, wewe huongei kabisa, basi bila shaka unaandika. Shika barua." Darasa likacheka, na mimi nikatazama viatu vyangu. Ni kweli siongei. Nikiitwa jina kwa sauti, masikio yanapata moto na maneno yote ninayoyajua, ya lugha zote mbili, yanakimbia.

Nani ana kaseti yenye sauti yako. Waliirekodi kutoka redioni zamani, na mwanzoni kuna mtu anatangaza bei ya ngano. Anaisikiliza akikata bamia, na mtu yeyote akiingia anamwambia, "Nyamaza, Ghubar anasoma." Mpaka nilipokuwa na miaka tisa sikujua kwamba Ghubar ni jina lako la ushairi. Nilidhani ni ndugu yetu.

Jioni ya tarehe 12 Desemba nimemwomba Dokta iwe ya Kiurdu. Amekubali. Itakuwa mushaira kamili, baraza la kusomeana mashairi usiku, tutakaa chini kwenye mashuka meupe na mito, mshumaa utapita kutoka kwa mshairi mmoja hadi mwingine. Tumepata washairi watano wa hapa mjini. Wewe ndiye mgeni wetu, wao ni wa kukusindikiza.

Mimi mwenyewe siandiki mashairi. Naandika barua tu. Tafadhali uje.

Mwanao mtiifu,
Nuzhat Aara


Sironj, 15 Oktoba 1998

Binti Nuzhat,

Barua yako imefika ikiwa haina pembe moja. Pembe hiyo imeliwa na mbuzi wa Tahmina. Tahmina ni binti wa marehemu kaka yangu, ninaishi naye, na anatarajia mtoto, kwa hiyo siku hizi kila kilicho humu ndani kinakula, mbuzi naye haoni kwa nini asile.

Sijasoma mbele za watu tangu usiku mmoja huko kwenu Bhopal. Niliondoka nikasema sitarudi. Baada ya hapo wamenijia watu wazito, wenye magari, nikawapa chai wakaenda zao. Wewe hukuja na gari. Umekuja na Kiurdu chenye vitunguu na Nani anayekata bamia.

Nitakuja.

Nina masharti. Sivikwi shada la maua, yananipigisha chafya. Chai iwe ya kwenu, ya chumvi, isiwe maji ya sukari. Na mtu asinitangaze kuwa mshairi mwanamke. Mimi ni mshairi. Kwamba ni mwanamke wataona wenyewe nikiingia.

Msalimie Nani. Mwambie bamia zisikatwe kabla ya kukaushwa, zitatoa ute.

Mehrunnisa Bano Ghubar


Bhopal, 27 Oktoba 1998

Mheshimiwa Bi Mehrunnisa,

Nilipomsomea Nani barua yako aliweka kisu chini. Kisha akasema bamia zake hazijawahi kutoa ute tangu aolewe, na mtu aliyekwambia hivyo ni adui wa ukoo. Halafu akaniomba nimsomee tena.

Ndani ya bahasha utakuta tangazo. Limetoka kwa mpiga chapa leo mchana na bado linanukia wino. Majina yameandikwa na mwandishi wa hati wa zamani, mwenye jicho moja, anayekaa nyuma ya msikiti, kwa kalamu ya tete. Matangazo tumeyabandika chuo kizima, hata kwenye mlango wa maabara ya kemia.

Orodha ya washairi nimeipanga mwenyewe. Dokta ametia sahihi bila kubadilisha hata jina moja. Sitasema neno juu ya jinsi nilivyokupanga. Tazama tu mwenyewe, utajua moyo wangu.

Kila mtu amefurahi. Ustadh Waheed Sabri wa Idara ya Kiurdu alipoona jina lake liko wapi, aliniuliza kama nina hakika. Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza tena. Nikaitikia tena. Akaniwekea mkono kichwani akaniombea dua, na macho yake yalikuwa na maji. Sasa anashonesha koti refu la sherehe, la vifungo mpaka shingoni, na ameshamwambia kila mtu mpaka mwenye kantini.

Chai ya chumvi nimeshaagiza.

Mwanao,
Nuzhat


Sironj, 5 Novemba 1998

Binti Nuzhat Aara,

Nimepokea tangazo. Hati ni nzuri sana.

Nasikitika kwamba sitaweza kuja. Magoti yananisumbua, na basi la kwenda Vidisha, kuunganisha kuja kwenu, lina ngazi ndefu. Niombee radhi kwa mabwana wakubwa ambao wangesoma baada yangu. Naamini jioni yao haitapungukiwa na kitu.

Mehrunnisa Bano


Bhopal, 10 Novemba 1998

Mheshimiwa Bi Mehrunnisa,

Nimelia kidogo, kisha nikaanza kufikiria magoti.

Kwanza, pamoja na barua hii nakutumia chupa ya mafuta. Ni haradali iliyochemshwa na uwatu na vitunguu saumu. Nani amekaa nayo jikoni siku nzima, na paka wetu hajarudi tangu jana. Unapaka kabla ya kulala na kufunga kitambaa cha sufu.

Pili, basi si lazima. Mjomba ana rafiki mwenye gari la kubebea maziwa linalokuja Bhopal alfajiri. Mbele kuna kiti kizuri na hakuna ngazi.

Tatu, ukumbi uko juu, lakini nimeongea na mlinzi Ramdin. Yaani nimemwandikia karatasi, naye ameisoma na kusema yeye na mwanawe watakubeba kwenye kiti cha ukindu kama bibi harusi. Nimekiona kiti, ni imara. Usikae chini kwenye mashuka kama hutaki. Kaa kwenye kiti, sisi tutakaa chini.

Kama ni kwa sababu yangu, kama nimeandika jambo baya, tafadhali niambie. Naisoma barua yako fupi kila siku. Ile ya kwanza ilikuwa na mbuzi. Hii haina hata mbuzi.

Nuzhat


Sironj, 16 Novemba 1998

Nuzhat mdogo wangu,

Ni mimi Tahmina, wa mbuzi. Shangazi hajui kwamba nakuandikia, na akijua atanilaza na huyo mbuzi.

Magoti ya Shangazi ni mazima kuliko yangu. Jana alipanda paani kuwafokea watoto wa kishada, akashuka akiwa na vishada vyao viwili chini ya kwapa. Mafuta ya Nani wako ameyanusa, akasema, "Huyu mwanamke anataka kunikaanga." Lakini hakuyatupa. Yako dirishani, na nimemwona akiitazama ile chupa.

Sasa sikiliza, maana naona hujui, na hata yeye anaanza kuhisi hujui, ila ni mkaidi. Kwenye tangazo lako, la kwanza kabisa ni jina lake. La mwisho ni la Ustadh Sabri. Mdogo wangu, kwetu kwenye mushaira anayesoma kwanza ni mwanafunzi. Ni yule anayesoma watu wakiwa bado wanatafuta pa kukaa. Mshumaa unapanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na anayesoma mwisho ndiye mwenye usiku wake. Watu hukesha kwa ajili yake. Ulimwalika kwa kumwambia yeye ndiye mgeni, kisha ukamtumia karatasi inayosema yeye ni mtoto kuliko wote, ukaongeza, "utajua moyo wangu."

Na ndivyo alivyofanyiwa usiku ule wa Bhopal. Aliahidiwa asome mwisho. Alipofika, bwana mmoja mkubwa akasema hawezi kusoma kabla ya mwanamke, basi wakamtoa mwisho wakampeleka mwanzo. Alisoma wakati mashuka bado yanatandikwa. Alikuwa na ghazal mpya, shairi aliloliandikia usiku huo. Hakuisoma. Alisoma ya zamani, akarudi nyumbani na ile mpya kwenye mkoba, na imebaki humo humo.

Alipofungua tangazo lako alilisoma mara mbili. Kisha akaniuliza kama tuna karatasi ya kuwashia jiko. Nikamwambia tunayo nyingine. Tangazo nimelificha kwenye pipa la mchele.

Mwandikie. Usimwandikie kuhusu magoti.

Dada yako,
Tahmina


Bhopal, 19 Novemba 1998

Bi Mehrunnisa,

Nimeelezwa. Usiulize na nani. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi, na sijui mwandishi wa barua anainamishaje uso kwa aibu kwenye karatasi.

Kwenye zile Jioni tatu za Kiingereza, mgeni ndiye aliyesoma kwanza. Watu wakiwa bado macho, wakiwa wamenyamaza, chai haijaja. Baada yake walisoma wanafunzi, na wakati huo watu walikuwa wameshaanza kutafuta viatu. Nikajiambia, Bi Mehrunnisa asije akasoma mbele ya watu wanaotafuta viatu. Nilikuweka wa kwanza ili nikupe watu wakiwa wazima. Ustadh Sabri nilimweka mwisho kwa sababu ni wa hapa hapa, kila siku tunamwona, nikaona hatajali. Ndiyo maana alilia, na mimi nilidhani analia kwa upole wa tabia.

Nimezaliwa Bhopal. Nimelelewa na kaseti yako. Na sikujua kitu ambacho hata muuza tambuu anakijua, kwa sababu sijawahi kwenda kwenye mushaira hata mmoja. Ni usiku, kuna watu, na mimi watu wananitisha. Nimezisikia zote kwa redio, na redio haionyeshi nani alikaa wapi, na Nani huizima wewe ukimaliza.

Sasa sijui la kufanya. Matangazo yako kila mahali. Koti la Ustadh Sabri liko tayari, na jana alilivaa akaja nalo idarani kutuonyesha, akageuka ili tuone mgongo. Nikilibadilisha tangazo nitamvunja yeye. Nisipolibadilisha nimekuvunja wewe, na wewe walishakuvunja mara moja.

Kwa hiyo nimeamua. Nitasimama mbele ya ukumbi kabla ya kuanza na kusema kwamba orodha hii niliipanga mimi kwa ujinga wangu, na kwamba nafasi ya mwisho ni yako. Nimejaribu kuyasema hayo mbele ya kioo. Sauti haikutoka. Lakini zimebaki wiki tatu, nitaendelea kujaribu.

Hata usipokuja nitayasema.

Nuzhat


Sironj, 25 Novemba 1998

Mwanangu Nuzhat,

Aliyekueleza ana miguu iliyovimba na hawezi kunikimbia, kwa hiyo nimemsamehe.

Acha kuongea na kioo. Mtu aliyeshonesha koti halipi deni la mtu mwingine. Waheed Sabri namkumbuka akiwa kijana mwembamba, akituletea maji. Mashairi yake hayakuwa mabaya. Usimguse. Na hayo matangazo usiyabandue, yule mzee wa hati ametumia jicho lake lililobaki.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Nilipofika pale pa watu wanaotafuta viatu nilicheka mpaka Tahmina akaja kuangalia kama nimepatwa na jambo. Ulikuwa unanikinga na viatu. Miaka yote hii sikujua kwamba mtu anaweza kuwekwa mahali pale kwa kupendwa.

Fanya hivi. Kwenye mushaira kuna mwitaji. Ndiye anayewakaribisha washairi na kuwaita mmoja mmoja. Kama mwitaji naye ni mshairi, kwa desturi anajisomea mwanzo kabisa, kwa unyenyekevu, ili wageni wake wapande juu yake. Tangazo limetoka kwenye pipa la mchele, na naona hukuandika mwitaji ni nani. Nifanye mimi. Hapo jina langu litakuwa la kwanza kihalali, tangazo litakuwa la kweli, Waheed atabaki na mwisho wake na koti lake, na wewe hutasimama kusema lolote.

Sharti langu ni moja. Mshumaa utaubeba wewe. Hiyo kazi haina maneno. Unautoa kwa anayemaliza, unauweka mbele ya ninayemwita, unakaa. Utavaa kitu kisichokuwa cha nailoni, sitaki uungue.

Mwambie Ramdin asijisumbue na kiti. Mafuta ya Nani yamefanya kazi ya ajabu.

Mehrunnisa Ghubar


Bhopal, 14 Desemba 1998

Dada Tahmina,

Shangazi nilimpandisha basi jana asubuhi, kwa hiyo ameshakusimulia. Na najua ameruka baadhi ya mambo. Nakuandikia yale aliyoruka.

Alifika Ijumaa, akapanda ngazi za ukumbi mbele yetu sote. Ramdin alikuwa amekiweka kile kiti cha ukindu pale chini hata baada ya kuambiwa. Akakitazama akasema, "Hiki cha nani? Cha Waheed?" Usiku alilala kwetu. Yeye na Nani waligombana juu ya bamia mpaka baba akahamia chumba cha nje, na asubuhi nikawakuta jikoni wamekaa bega kwa bega, wanazikata pamoja, kila mmoja kwa njia yake.

Jumamosi jioni alianza yeye, kama alivyotaka. Dada, nilikuwa nimekaa karibu na mshumaa, na ndipo nikaona kwa macho yangu nafasi ya kwanza ikoje. Watu walikuwa bado wanaingia. Wavulana wawili wa Idara ya Biashara walikuwa wanagombea mto. Kipaza sauti kililia kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Alisoma shairi moja fupi, na nyuma huko mtu akauliza kwa sauti kama chai iko upande gani. Waliosema "wah" ya kumsifu tulikuwa wawili, na yangu haikusikika.

Baada ya hapo akawa mwenyeji kweli kweli. Kijana wa kwanza alipotetemeka alimwambia, "Soma mwanangu, usiwaogope hawa, wengi wameletwa na chai tu." Ukumbi ukacheka na kijana akapata pumzi. Kila aliyemwita alimsifu mpaka akasoma vizuri kuliko uwezo wake. Mimi nilibeba mshumaa. Na kila nilipovuka yale mashuka nilikuwa nawaza kwamba Bhopal imemfanyia jambo lile lile tena, safari hii kwa hati nzuri na kwa mkono wangu. Amelikubali. Lakini amelikubali kwa kunionea huruma, na mimi sikumleta kutoka Sironj aje anionee huruma.

Ustadh Sabri alisoma mwisho. Alisoma vizuri mno, Dada. Watu walijiinua kwa magoti. Alipomaliza, kwa mujibu wa tangazo tulikuwa tumemaliza. Dokta Asthana akasimama kutoa shukrani, wa nyuma wakaanza kuinama kutafuta viatu, na kazi yangu ilikuwa kuzima mshumaa.

Sikuuzima. Sijui niseme vipi. Sikuamua, miguu iliondoka. Niliuchukua mbele ya Ustadh Sabri, nikayavuka mashuka yote, katikati kabisa ambako kila mtu ananiona, nta inanitiririkia kidoleni, nikauweka mbele ya Shangazi. Kisha nikakaa chini.

Akaniambia kwa kunong'ona, "Nuzhat, umepotea njia."

Nikatikisa kichwa.

"Tangazo linasema tumekwisha."

Nikatikisa kichwa tena. Kama angeniuliza la tatu nadhani ningezimia.

Hapo ndipo nikamkumbuka Ustadh Sabri. Nimempokonya usiku wake mbele ya wanafunzi wake wote, na koti lake. Niligeuka kumtazama, na alikuwa amesimama. Akafungua kifungo cha shingoni, akavuta pumzi. "Alhamdulillahi," akasema. "Usiku kucha nimekaa kama mtu aliyevaa kilemba cha baba yake. Bi Mkubwa, koti hili nadhani nilishonesha kuja kukusikiliza, ila sikujua." Akashuka jukwaani, akaenda kukaa mbele kabisa pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, akakunja miguu.

Dokta akakaa. Nikasikia viatu vikirudishwa chini, kimoja baada ya kingine, mpaka nyuma kabisa.

Shangazi aliusogeza mshumaa karibu. Kisha akavuta mkoba, akavaa miwani, akatoa karatasi iliyokunjwa ambayo mikunjo yake imekuwa ya kahawia. Unaijua karatasi hiyo. Mistari ilikuwa ya wino, ila ubeti wa mwisho ulikatwa na juu yake pameandikwa kwa penseli, herufi zikirukaruka. Baadaye aliniambia aliubadilisha ndani ya basi. Niliukariri hapo hapo:

*Ghubar, uliwekwa mlangoni, ukadhani umetolewa;*
*mbona kila aliyeingia, kwa mkono wako kapokelewa?*

Wakamwambia arudie. Akarudia. Wakamwambia tena. Nani alikuwa safu ya wanawake, analia waziwazi, na jirani yake alipomuuliza ana nini, alimjibu kwa ukali mpaka sisi huku tukasikia, "Nyamaza, Ghubar anasoma."

Kidole changu kina lengelenge. Nani anataka kulipaka yale mafuta, na mimi nimejifungia chumbani.

Mdogo wako,
Nuzhat


Sironj, 22 Desemba 1998

Mwanangu Nuzhat,

Ramadhani njema kwenu nyote. Tahmina amejifungua binti. Analia kwa mizani, vina ndivyo vinavyomshinda. Mbuzi ana wivu na amekula taulo.

Dokta wako ameniandikia kunishukuru. Anasema sasa anataka nusu ya Jioni za Wageni ziwe za Kiurdu, na anataka nimpe majina ya washairi wa kualika. Nitampa majina. Kuwapanga nimemwambia akuachie wewe.

Jambo moja halinipi usingizi. Katika barua yako ya kwanza uliniandikia kwamba wewe huandiki mashairi. Nimezipanga barua zako zote hapa kitandani nikazisoma kuanzia vitunguu mpaka lengelenge, maana hata ile uliyomwandikia Tahmina nimeipora. Mtu asiyeandika mashairi hasikii viatu vikirudishwa chini kimoja baada ya kingine.

Jioni ya Februari nitakuja, mgeni awe yeyote. Sitasoma. Nitakaa kwenye mashuka na kusikiliza. Mtahitaji mtu wa kusoma kwanza, watu wakiwa bado wanaingia na kipaza sauti kikilia. Ni nafasi nzuri. Nimewahi kuikalia, na mshumaa nitakubebea mimi.

Wewe uliniambia huandiki. Mimi nilikuambia magoti yananiuma. Magoti yangu hayajawahi kuuma hata siku moja.

Sasa zamu yako.

Mehrunnisa Ghubar